David Livingstone

David Livingstone (Blantyre, Uskoti, 19 Machi 1813 – kijiji cha Chitambo, leo nchini Zambia, 1 Mei 1873) alikuwa tabibu, mmisionari na mpelelezi aliyetembea sehemu kubwa za Afrika ya kusini, kati na mashariki katika karne ya 19. Nchini Tanzania anakumbukwa hasa kwa mji wa Ujiji, alikokutana na Henry Morton Stanley mwaka 1871, na kwa Kwihara karibu na Tabora, alikoishi miezi kadhaa mwaka 1872. Mwaka uliofuata mwili wake ulipitishwa Kwihara na wapagazi waliokuwa wakiupeleka pwani.

Vitabu vya shule humweleza kama msafiri na mpinzani wa biashara ya watumwa. Jambo lisiloelezwa sana ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa mgonjwa wa tumbo, akisumbuliwa na kuhara damu pamoja na bawasiri zilizotoa damu nyingi. Alikuwa amesomea tiba na upasuaji, na daktari mkubwa wa upasuaji wa wakati wake alimshauri afanyiwe operesheni. Alikataa. Miaka tisa hivi baadaye alifariki akiwa ameishiwa damu, mbali na hospitali yoyote.

== Utoto na masomo ==

Livingstone alizaliwa katika familia maskini mjini Blantyre, karibu na Glasgow. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, kuanzia alfajiri hadi jioni. Baada ya kazi alihudhuria masomo ya usiku, akajifunza hata Kilatini.

Mwaka 1836 alianza kusoma tiba katika Chuo cha Anderson mjini Glasgow, akijilipia kwa mshahara wa kiwandani. Baadaye alipokewa na Shirika la Misheni la London, akaendelea na masomo mjini London. Mnamo Novemba 1840 alifanya mtihani wa Chama cha Matabibu na Wapasuaji wa Glasgow, akapata leseni. Mtihani huo ulirefushwa kwa sababu alibishana na watahini kuhusu matumizi ya stethoskopu, kifaa ambacho wakati ule kilikuwa bado kipya.

Upasuaji aliojifunza ulikuwa tofauti sana na wa leo. Dawa za nusukaputi hazikuwa zimeanza kutumika: etha ilianza kutumika hadharani mwaka 1846 na klorofomu mwaka 1847. Mgonjwa alishikwa na watu au kufungwa kwa kamba, na sifa kuu ya daktari ilikuwa kasi ya mkono wake. Aidha, hakuna aliyefahamu kwamba vijidudu ndivyo vinavyoozesha vidonda, hivyo wagonjwa wengi waliovumilia kisu walikufa kwa homa siku chache baadaye. Wapasuaji waliogopa kufungua tumbo, na kwa kawaida walitibu sehemu za mwili zinazofikika kwa nje.

== Afrika ya kusini na safari za kwanza ==

Livingstone alifika Afrika ya kusini mwaka 1841. Alifanya kazi kati ya Watswana, akatibu wagonjwa, akahubiri na kujifunza lugha yao. Mwaka 1844, huko Mabotsa, alishambuliwa na simba aliyemvunja mfupa wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mfupa haukuunga vizuri; ulibaki ukicheza kama wenye kiungo cha ziada. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari Robert Moffat wa Kuruman.

Kama mhubiri hakupata waumini wengi. Anayejulikana zaidi ni Sechele, mtemi wa Wakwena. Moyo wake ulivutwa zaidi na safari. Mwaka 1849 alifika Ziwa Ngami, na kati ya 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda kwenye pwani ya magharibi hadi Quelimane kwenye pwani ya mashariki. Mnamo Novemba 1855 alifika kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya katika mto Zambezi, akayapa jina la malkia wa Uingereza, Viktoria.

Katika safari hizo aliugua malaria mara nyingi. Alitengeneza vidonge vyenye kwinini, ambavyo pia viliwekwa rubabu, jalapu na kalomeli, yaani dawa yenye zebaki. Kwinini ilisaidia kweli, na vidonge hivyo viliuzwa kwa miaka mingi baada yake. Viungo vile vingine vilikuwa dawa za kuharisha, kwa sababu madaktari wa zama zile waliamini kwamba homa lazima itolewe kwa kusafisha tumbo.

Kuanzia 1858 hadi 1864 aliongoza msafara wa serikali ya Uingereza katika mto Zambezi na kandokando ya Ziwa Nyasa. Msafara huo haukufaulu kama ilivyotarajiwa. Mke wake alifariki kwa homa huko Shupanga tarehe 27 Aprili 1862, na serikali ikaamuru msafara urudi.

== Operesheni aliyoikataa ==

Livingstone alirudi Uingereza mwaka 1864. Kuhara damu kwa muda mrefu kulikuwa kumemwachia bawasiri, yaani uvimbe wa mishipa ya damu kwenye njia ya haja kubwa. Mjini Edinburgh alionana na James Syme, profesa wa upasuaji aliyehesabiwa kuwa miongoni mwa wapasuaji bora wa Ulaya. Syme alimshauri afanyiwe operesheni na alikuwa tayari kuifanya mwenyewe.

Livingstone hakukubali. Alikuwa mtu mashuhuri, na magazeti yaliandika kila jambo lililomhusu. Hakutaka maradhi ya sehemu ya siri yasomwe na kujadiliwa na watu wote.

Klorofomu ilikuwa tayari inatumika Edinburgh kwa miaka 17, kwa hiyo asingesikia maumivu ya kisu. Hatari iliyobaki ilikuwa kuoza kwa kidonda. Joseph Lister, aliyekuwa mkwe wa Syme, alianza kutumia asidi ya kaboliki kuua vijidudu vya vidonda huko Glasgow mwaka 1865, na akatangaza matokeo yake mwaka 1867. Livingstone alikuwa ameshaondoka Uingereza.

== Safari ya mwisho hadi Ujiji ==

Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimwomba Livingstone atafute chanzo cha mto Naili. Alifika Zanzibar mnamo Januari 1866, akashuka pwani ya kusini katika ghuba ya Mikindani mnamo Machi. Katika msafara wake walikuwamo Abdullah Susi kutoka Shupanga na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 alipokuwa kijana mdogo.

Msafara ulipungua upesi. Wengine walitoroka, na waliorudi Zanzibar walieneza habari kwamba Livingstone ameuawa. Pigo kubwa zaidi lilikuja tarehe 20 Januari 1867, wapagazi walipotoroka na sanduku la dawa. Livingstone aliona kama kwamba amehukumiwa kifo, kwa sababu hakubaki na kwinini wala dawa ya tumbo.

Tangu hapo aliishi kwa kutegemea wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, ambao wengi wao walinunua na kuuza watumwa. Alichukia biashara yao, lakini walimlisha na kumuuguza. Mapema mwaka 1869 alipata homa ya mapafu akawa hawezi kutembea. Mfanyabiashara Mohammed Bogharib alimtibu na kumfanya abebwe kwa kitanda hadi Ziwa Tanganyika. Aliwasili Ujiji tarehe 14 Machi 1869.

Kutoka Ujiji alivuka ziwa kwenda Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Huko vidonda vya miguu vilimlaza miezi mingi. Tarehe 15 Julai 1871, mjini Nyangwe, alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanakijiji sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wengi wakizama mtoni wakikimbia. Alikata tamaa ya kuendelea, akarudi Ujiji mnamo Oktoba akiwa amekonda sana na kuhara damu. Bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zilikuwa zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Hakuwa na kitu cha kununulia chakula.

Mnamo Novemba 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta huko. Stanley alikuja na dawa, vitambaa na vyakula, na Livingstone akaanza kula vizuri na kupata nguvu. Wawili hao walizunguka sehemu ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika na kuthibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hivyo hauwezi kuwa chanzo cha Naili.

== Kwihara na njia ya misafara ==

Njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, ambako Tabora ndiyo ilikuwa kituo kikubwa. Hapo iligawanyika: tawi moja lilikwenda Ujiji, jingine Karagwe na Buganda, na jingine kusini kuelekea Ufipa. Pembe za ndovu na watumwa vilikwenda pwani, na vitambaa, shanga, nyaya za shaba na bunduki vilikwenda bara. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, ambao kazi ya kubeba mizigo hadi pwani ilikuwa kwao jambo la heshima kwa kijana.

Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji mwishoni mwa Desemba 1871, wakafika Unyanyembe tarehe 18 Februari 1872. Walikaa Kwihara, umbali mfupi kutoka Tabora, katika tembe kubwa yenye kuta nene za udongo na paa la bapa. Nchi ilikuwa katika vita. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa akipigana na Waarabu wa Tabora na mtemi wa Unyanyembe, na njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa.

Stanley alimshauri arudi kwao apate matibabu na kupumzika, kisha aje tena. Livingstone alikataa, akitaka kwanza kumaliza kazi ya kutafuta chanzo cha Naili. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kumwona daktari wa upasuaji. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo kulikuwa na mwendo wa miezi miwili au mitatu, na Zanzibar alikuwako John Kirk, daktari aliyefanya naye kazi Zambezi.

Stanley aliondoka tarehe 14 Machi 1872. Livingstone alibaki Kwihara miezi mitano akingoja watu ambao Stanley angewatuma kutoka pwani. Tarehe 1 Mei 1872, mwaka mmoja kamili kabla ya kifo chake, alimaliza barua kwa gazeti la New York Herald ya kulaani biashara ya watumwa. Maneno ya mwisho ya barua hiyo yamechongwa kwenye kaburi lake.

Watu wapya walifika mnamo Agosti. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa na wamisionari huko Nasik, Uhindi. Msafara uliondoka Kwihara tarehe 25 Agosti 1872 kuelekea kusini.

== Ugonjwa wa mwisho na kifo ==

Nguvu alizopata Kwihara hazikudumu. Mnamo Septemba, kabla hawajafika Ziwa Tanganyika, tumbo lilimrudia na akakaa siku nane bila kula. Msafara ulifuata milima ya mashariki ya ziwa katika joto kali, ukaingia kwenye mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua kubwa za mwanzo wa 1873. Maji yalifika kiunoni hadi kifuani, na watu wake walimbeba mabegani kwa kupokezana.

Kuanzia 31 Machi 1873 damu ilitoka kwa wingi. Katika shajara yake ya tarehe 10 Aprili aliandika kwamba amekuwa mweupe na dhaifu kwa sababu ya damu hiyo, na kama daktari alieleza kwamba ni mshipa mkubwa uliokuwa ukimwaga. Tarehe 21 Aprili alijaribu kupanda punda, akaanguka. Watu wake walimtengenezea machela ya miti na nyasi, wakamfunika kwa blanketi na kumbeba.

Maandishi yake ya mwisho ni ya tarehe 27 Aprili. Tarehe 29 hakuweza tena kutembea hadi mlangoni, ikabidi ukuta wa kibanda ubomolewe ili machela iingie. Jioni hiyo walifika kijiji cha Chitambo. Usiku wa kuamkia Mei Mosi alimwomba Susi amletee sanduku la dawa, akachagua kalomeli kwa shida kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumshinda. Kabla ya mapambazuko kijana Majwara, aliyekuwa akimlinda, aliwaita wenzake. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa juu ya mto, amekwisha kufa.

== Uchunguzi wa mwili na safari ya kurudi ==

Kwa desturi ya safari, maiti ilizikwa mahali mtu alipofia. Chuma, Susi na wenzao waliamua kuipeleka pwani. Uamuzi huo ulikuwa wa hatari, kwa kuwa katika nchi nyingi kupitisha maiti kulionekana mkosi na kungeweza kuleta vita au faini kubwa.

Kazi ya kuutayarisha mwili ilipewa Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar na kuona jinsi maiti inavyochunguzwa. Alisaidiwa na Carras. Walipasua tumbo na kutoa moyo na viungo vya ndani. Waliona mapafu yamekauka na kuwa na madoa meusi na meupe. Upande wa kushoto wa tumbo walikuta donge la damu iliyoganda lenye ukubwa wa mkono wa mtu. Hakuna daktari aliyewahi kuona viungo hivyo. Yote yanayojulikana juu ya hali ya ndani ya mwili wa Livingstone yanatokana na macho ya watu hao wawili na kumbukumbu za wenzao.

Viungo vilizikwa chini ya mti wa mpundu, na Wainwright akasoma sala za maziko kisha akachonga maandishi kwenye mti huo. Mwili uliwekwa chumvi, ukakaushwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa kitambaa, ganda la mti na turubai, ukaonekana kama mzigo wa kawaida wa msafara.

Walifika Kwihara mnamo Oktoba 1873. Huko walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone. Cameron aliona ni afadhali azikwe hapo, lakini wapagazi walikataa. Daktari William Dillon wa msafara wa Cameron, mwenyewe mgonjwa wa kuhara na homa, alifuatana nao kurudi pwani. Mnamo Novemba alijiua kwa bunduki huko Kasekera akiwa amezidiwa na ugonjwa.

Karibu na mahali hapo wenyeji walikataa maiti isipite. Wapagazi walifanya hila: walitengeneza mzigo wa uongo wa maiti, wakawatuma wenzao waurudishe Unyanyembe kana kwamba wamekubali kuzika huko. Mwili wenyewe ulifungwa upya kama robota la kitambaa, ukaendelea na safari bila kutambuliwa.

Mnamo Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ulilala katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ukavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza kwa meli. Walikuwa wameubeba kwa zaidi ya kilomita 1,600, kwa muda wa miezi tisa. Mjini London, mnamo Aprili, daktari wa upasuaji William Fergusson aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka 30 kabla. Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya waliombeba, Wainwright peke yake alikuwapo mazishini. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, wakamsaidia Horace Waller kutayarisha kitabu cha shajara za mwisho kilichochapishwa mwaka uleule.

== Upasuaji wa puru tangu wakati wake ==

Damu katika choo ni dalili ya magonjwa mengi. Inaweza kuletwa na bawasiri, kuhara damu au kichocho, na pia na saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mgonjwa hawezi kutofautisha magonjwa hayo kwa kutazama damu tu. Mwaka 1864 daktari alikuwa na kidole chake na vifaa vifupi vya kuangalizia. Leo huweza kuutazama utumbo mpana wote kwa kolonoskopia na kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara.

Tiba nayo imebadilika. Bawasiri nyingi hutibiwa bila kisu kikubwa, kwa mfano kwa kuzifunga kwa mpira mdogo hadi zikauke. Saratani ya puru ilikuwa karibu haina tiba wakati wa Livingstone. Mwaka 1908 William Ernest Miles wa London alieleza operesheni ya kuondoa puru yote kwa kupitia tumboni na chini, na mgonjwa akabaki na tundu la haja tumboni maisha yote. Kuanzia miaka ya 1980 Bill Heald, pia wa Uingereza, alionyesha kwamba kuondoa kwa uangalifu puru pamoja na mafuta yote yanayoizunguka kunapunguza sana kurudi kwa saratani.

Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa njia mbili. Katika upasuaji wa wazi tumbo hukatwa mkato mrefu, na daktari huona na kushika kwa mikono. Katika laparoskopia, inayojulikana nchini kama upasuaji wa matundu madogo, tumbo hujazwa gesi, kamera na vifaa vyembamba vikaingizwa kwa matundu, na daktari akafuata picha kwenye skrini.

Utafiti mkubwa ulioitwa COLOR II ulilinganisha njia hizo kwa wagonjwa 1,044 katika hospitali 30 za nchi 8. Waliopasuliwa kwa matundu walipoteza damu kidogo zaidi, kiasi cha mililita 200 badala ya 400, na walitoka hospitali siku moja mapema, siku ya 8 badala ya 9. Kwa upande mwingine operesheni yao ilichukua dakika 240 badala ya 188. Baada ya miaka 3 saratani ilikuwa imerudi mahali pake kwa asilimia 5 ya wagonjwa katika makundi yote mawili. Tafiti nyingine mbili zilizotangazwa mwaka 2015, moja ya Marekani na moja ya Australia na New Zealand, hazikuweza kuthibitisha kwamba njia ya matundu inatoa uvimbe kwa usafi uleule. Kwa hiyo madaktari huangalia ukubwa na mahali pa uvimbe, umbo la nyonga ya mgonjwa na uzoefu wa mpasuaji. Pale ambapo vifaa au uzoefu wa matundu haupo, upasuaji wa wazi uliofanywa vizuri unabaki kuwa tiba kamili.

Katika njia zote mbili, ugonjwa uliogunduliwa mapema una nafasi kubwa zaidi ya kupona. Tatizo lililomzuia Livingstone halikuwa la vifaa. Aliona haya, na haya hiyo bado inawachelewesha wagonjwa wengi kueleza habari za choo chenye damu kwa mganga wa zahanati.

== Athari na kumbukumbu ==

Livingstone alikosea kuhusu Naili: mito aliyoifuata huko Manyema ni ya Kongo. Ramani zake za maziwa ya kati zilisaidia hata hivyo wapelelezi waliomfuata, na pia wakoloni. Taarifa zake juu ya mauaji ya Nyangwe ziliongeza shinikizo dhidi ya biashara ya watumwa, na tarehe 5 Juni 1873, kabla habari za kifo chake hazijafika pwani, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Uingereza wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Chuma aliongoza misafara mingine kabla ya kufariki Zanzibar mwaka 1882, na Susi alifariki humohumo mwaka 1891. Jacob Wainwright alirudi katika nchi ya Wanyamwezi, akafariki Urambo mwaka 1892.

Miji ya Livingstone nchini Zambia na Blantyre nchini Malawi inamkumbuka kwa majina. Nchini Tanzania kuna mnara wa kumbukumbu Ujiji, kanisa dogo lenye mnara huko Bagamoyo ambamo mwili wake ulilazwa, na tembe la Kwihara ambalo limetengenezwa upya na kuwa makumbusho. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inafuata kwa sehemu kubwa njia ileile ya wapagazi. Safari ya kutoka Tabora hadi pwani, ambayo Livingstone mgonjwa aliikataa na watu wake wakaimaliza na maiti yake kwa miezi kadhaa, kwa treni huchukua siku moja hivi.